Asilimia 15 haikuwa kosa

Jumamosi moja usiku nilitoka Mlimani City, hapa Dar es Salaam, na mifuko miwili ya vitu vya nyumbani, nikaita gari kwa programu ya simu. Ikaja Toyota IST ya rangi ya fedha. Kabla sijakaa sawa dereva akauliza, "Dada, unalipa keshi?" Nikamwambia ndiyo. Akashukuru kama mtu aliyepewa zawadi, tukashika njia ya Tabata.

Tulipofika, nauli ilisoma 8,500. Nikawa natafuta hela kwenye pochi, yeye akanigeuzia simu yake. "Ona mwenyewe, dada." Kamisheni ya kampuni yenye programu, asilimia 25. Ada ya kuita gari asilimia 3. Jumla 2,380 imekwenda kabla hajawasha tena gari, akabaki na 6,120. Kutoka Kijitonyama alikokuwa ameegesha hadi kunifikia alichoma mafuta yasiyolipwa na mtu. Gari si lake. Bosi anataka hesabu ya elfu 25 kila siku, iwe mvua iwe jua. Bando ni juu yake, kuosha gari juu yake, faini ya trafiki juu yake. Ndiyo maana aliuliza kuhusu keshi: keshi inaingia kituo cha mafuta usiku uleule.

Tangu siku ile, nikisikia watu wanaueleza ugomvi wa nauli na kamisheni za teksi kuwa ni wa teksi za zamani dhidi ya teksi mtandao, hizi zinazoitwa kwa simu, naona wanatazama pasipo.

Karibu na kwetu kuna kijiwe cha teksi chini ya mwarobaini. Nilipohamia mtaani hapa zilikuwa zinapanga foleni gari kumi na kitu, nyeupe, zenye mstari ubavuni. Sasa hivi ukikuta tatu ni nyingi. Mzee mmoja ambaye huwa namwamkia kila nikipita aliniambia neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, mimi nimelipia leseni, nimelipia maegesho, nimepaka mstari ili serikali inione. Hawa wa kwenye simu walikuja bila mstari, na abiria wakawafuata." Ana haki ya kuumia. Alifuata kila sharti aliloambiwa, kisha akaja mtu ambaye masharti yale hayakumgusa, akamuuzia abiria safari ileile kwa nusu bei.

Lakini wawili kati ya walioondoka kwenye foleni ile bado wako palepale. Wameuza gari za mstari, wanaendesha za mkataba, zile unazomlipa mwenye gari kidogo kidogo hadi iwe yako, kwa programu, na wakingoja rikwesti wanaegesha chini ya mwarobaini uleule, wanakunywa kahawa na yule mzee. Ugomvi gani huo unaokaa kwenye benchi moja?

Nairobi walifika mbali zaidi. Uber, kampuni ya teksi mtandao, iliingia huko Januari 2015, na mwanzoni mwa 2016 madereva wake walishambuliwa, magari yakachomwa moto. Waliochoma na waliochomewa wote walikuwa madereva wenye ada za shule za kulipa.

Nisieleweke vibaya, sitaki turudi enzi za kabla ya programu. Mimi ni mwanamke, na kuna usiku mwingi ambao nimefika nyumbani salama kwa sababu jina la dereva na namba ya gari vilikuwa kwenye simu ya dada yangu. Kabla ya hapo ulikuwa unasimama dirishani unapatana bei na mtu ambaye ameshakuangalia viatu na begi kabla ya kutaja. Uber ilipofika Dar es Salaam mwaka 2016 tuliipokea kwa mikono miwili, na tulikuwa na sababu.

Sasa tuje kwenye 2022. Mamlaka yetu ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilipanga nauli elekezi za teksi mtandao na kuagiza kamisheni ya kampuni isizidi asilimia 15. Aprili Uber ikasimamisha huduma, ikisema kanuni hizo haziweki mazingira rafiki ya biashara. Agosti mshindani wake, Bolt, nayo ikafunga huduma ya kawaida, ikabaki na wateja wa makampuni. Madereva waliokuwa na mikataba ya magari wakaachwa na deni mkononi na simu isiyoita. Januari 2023 Uber ikarudi, baada ya LATRA kulegeza: kamisheni hadi asilimia 25, na juu yake ada ya kuita gari ya asilimia 3. Ndiyo ile 2,380 niliyoonyeshwa Tabata.

Wengi walihitimisha kuwa LATRA ilikosea kuingilia biashara. Mimi nasema asilimia 15 haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuiweka peke yetu. Kampuni inayofanya kazi katika nchi nyingi, Dar ikibana, inazima Dar na maisha yanaendelea. Haipotezi kitu cha kuinyima usingizi. Anayepoteza ni dereva wa hapa, na yeye ndiye anakwenda kulia kwa serikali, "Turudishieni kampuni." Serikali inalegeza, na kampuni inakuwa imejifunza kwamba dawa ya sheria isiyoipenda ni kuzima taa miezi michache.

Na mwaka huohuo, ng'ambo ya Namanga, Kenya nayo ilitoa kanuni zake zenye kikomo cha asilimia 18. Zikapingwa mahakamani, lakini zilikuwapo. Fikiria: nchi mbili jirani, abiria wanaofanana, magari yaleyale ya mtumba kutoka Japani, kampuni zilezile, mwaka uleule, na kila nchi inapigana kivyake na namba yake. Tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki inayoweza kukaa Arusha ikapanga ushuru wa forodha wa pamoja. Ishindwe kupanga kikomo kimoja cha kamisheni? Kuzima Dar ni rahisi. Kuzima Dar, Nairobi, Mombasa na Kampala kwa siku moja ni hesabu nyingine kabisa, na hapo ndipo kampuni ingekaa mezani.

Najua jibu la kampuni: sisi si wasafirishaji, sisi ni teknolojia, tunaunganisha watu tu. Hoja hiyo ilishapelekwa mahakamani Ulaya. Desemba 20, 2017, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha madereva teksi wa Barcelona, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Uber inatoa huduma ya usafiri, na kila nchi ina haki ya kuisimamia hivyo. Kwangu hata mahakama haikuhitajika. Anayepanga nauli, anayeamua dereva gani apate abiria, na anayeweza kumfungia akaunti asubuhi bila kumsikiliza, huyo ni mwenye teksi.

Kufungiwa huko kunanikera kuliko kamisheni. Dereva wa mstari akimkosea abiria, kuna kijiwe, kuna mwenyekiti wa kijiwe, kuna polisi. Wa programu anapokea ujumbe kwamba akaunti imesimamishwa, akijibu anajibiwa na mashine, na hesabu ya bosi haisimami. LATRA inapokea malalamiko ya abiria. Iweke na dirisha la dereva, na kampuni ilazimike kuwa na mtu wa kujibu aliyekaa hapa nchini.

Kikomo cha kamisheni chenyewe, hata kikiwa cha pamoja, hakitoshi kama kampuni inabaki huru kushusha nauli. Asilimia 15 ya nauli ya kutupa bado inamwacha dereva na njaa. Agosti 2024 madereva wa Nairobi walichoka kusubiri, wakaanza kutoza nauli zao wenyewe, juu ya ile inayosomwa kwenye simu, na kumwonyesha abiria karatasi ya bei iliyochapwa. Abiria walikasirika, nami ningekasirika. Lakini karatasi ile ilikuwa kazi ambayo mamlaka ilitakiwa iwe imeifanya.

Na sisi tunajua kuifanya. Nauli ya daladala kwa kilomita 10 za kwanza ilipanda kutoka 400 hadi 500 Mei 2022, ikafika 600 Desemba 2023, kwa sababu LATRA ilikaa ikasikiliza hoja za gharama. Kwa teksi tunaweza kwenda mbele zaidi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nauli ya chini kwa kilomita ifungwe kwenye tangazo hilo: petroli ikipanda, kima cha chini kipande, ikishuka, abiria naye apumue. Kima hicho kiwe kimoja kwa gari lenye mstari na lisilo na mstari, na leseni iwe moja. Mzee wa mwarobaini asishindane na bei ambayo hata anayeitoza haimlishi.

Abiria tutalipa zaidi kidogo. Nimepiga hesabu ya safari zangu za mwezi na sikufurahi, lakini nitalipa.

Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao EWURA watatangaza tena. Kama bei itapanda, dereva wangu wa Tabata atailipa asubuhi hiyohiyo kwenye pampu. Nauli ya Mlimani City hadi Tabata itabaki 8,500.