Hujapoa, Una Njaa

Wakristo wengi wakijitazama na kutopenda wanachokiona husema neno moja: "Nimepoa." Mtu anakumbuka miezi ya kwanza baada ya kuokoka, jinsi machozi yalivyokuwa karibu na Biblia haikai chini, kisha anajipima na alivyo leo. Akishajiambia amepoa, anatafuta moto: mkesha, mkutano wa siku tatu, mtumishi mgeni. Na moto unawaka kweli. Lakini ikifika Jumatano ya wiki inayofuata umeshafifia, na juu ya ubaridi wa zamani sasa kuna hatia ya kupoa tena.

Ninaamini ugonjwa huu umepewa jina lisilo lake. Wengi wanaosema wamepoa wana njaa: hawali Neno kwa kiasi na kwa mpangilio. Wengine wanakula, ila kuna jambo moja ambalo Mungu alishawaambia waziwazi na hawajalitii, na kila wanachosoma baada ya hapo kinakwama hapo hapo. Mtu mwenye njaa ukimwotesha moto atapata joto, lakini hatashiba.

Tazama Eliya. Katika 1 Wafalme 18 moto unashuka Karmeli mbele ya taifa zima. Sura inayofuata yuko chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Mungu hakumrudisha Karmeli. Malaika alimgusa akiwa usingizini, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Kwa nguvu za chakula hicho akatembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu, na huko ndiko alikoulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Kwanza usingizi na mkate, ndipo swali.

Basi tuanze na mkate. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka kunataka sura tatu au nne kila siku, na huo ndio mpango ambao watu wengi huuanza tarehe 1 Januari. Mwanzo inakwenda vizuri kwa sababu ni hadithi. Kabla Januari haijaisha msomaji anafika Kutoka 25, kwenye vipimo vya hema, vitanzi na mapazia, na Walawi inamsubiri mbele. Hapo akikosa siku nne tu, anadaiwa sura kama 13. Deni hilo ndilo linaloua mpango, wala si ugumu wa Walawi. Mtu anaona aibu kufungua kitabu anachodaiwa nacho, kwa hiyo hakifungui kabisa.

Kwa anayeanza, au anayeanza upya, nashauri Injili ya Marko: sura 16, moja kwa siku. Akimaliza, aendelee na Agano Jipya lote. Lina sura 260, na ukisoma sura moja kwa siku tano za wiki unalimaliza kwa wiki 52 kamili, huku siku mbili za kila wiki zikibaki wazi kwa ajili ya ugonjwa, safari na uchovu. Mpango usio na nafasi ya udhaifu ulitungwa kwa ajili ya malaika. Agano la Kale lisiachwe, ila liingie baadaye, ukishakuwa na mazoea.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko wingi wa sura. Soma sura mara ya kwanza kwa sauti, ujue nani anafanya nini. Rudia polepole, ukitafuta Mungu ametenda nini, ameahidi nini, ameagiza nini. Kisha andika sentensi moja yenye tendo unaloweza kulifanya kabla hujalala. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanasoma Yakobo 1:19, kwamba kila mtu awe mwepesi wa kusikia, kisha wanaandika "Nitakuwa mvumilivu." Sentensi hiyo haina siku, haina mtu, haina mahali, kwa hiyo jioni hakuna anayeweza kusema kama ilitimia. Afadhali: "Leo mwanangu akianza kujieleza, nitamwacha amalize kabla sijajibu." Kazi hii yote haizidi dakika 20.

Yapo mazoea matatu yanayoonekana kama kula na si kula. Aya moja ya siku inayotumwa kwenye simu, bila kujua aliyeiandika alikuwa akisema nini kabla yake na baada yake. Kufungua Biblia popote na kuchukua mstari jicho linapoangukia. Na hili la tatu huwapata hasa wanaohudumu: kusoma kwa ajili ya kufundisha wengine tu. Mpishi anaweza kuonja siku nzima na bado akalala na njaa. Kama una somo la kuandaa, liandae kwa saa yake, na chakula chako kiwe kingine. Ukisomea kwenye simu, zima data kwanza. Ujumbe mmoja ukiingia katikati ya sura, umepoteza sura.

Maombi nayo hufa kwa kuwa ya jumla. "Bariki familia yangu, bariki kazi yangu, bariki kanisa" hayahitaji imani wala kumbukumbu, na yakijibiwa hutajua. Taja jina la mtu na jambo lenyewe, andika na tarehe. Baada ya miezi mitatu pitia orodha. Utakuta mengine yalijibiwa na hukushukuru, mengine umeacha kuyataka, na mengine machache bado yanauma. Hayo ndiyo ya kuendelea kuyaombea.

Asiyejua aseme nini, Bwana alishampa mifupa ya sala katika Mathayo 6: jina la Baba litukuzwe, ufalme wake uje, mapenzi yake yatimizwe, kisha riziki ya leo, msamaha wa deni zetu, na kuokolewa na yule mwovu. Ni vipengele sita. Kaa dakika mbili kwa kila kimoja, umeshaomba dakika 12. Angalia mpangilio wake: mambo ya Mungu yanatangulia matatu mazima kabla mkate haujatajwa. Tukianza na mkate, tunamalizia na mkate.

Mawazo yakitangatanga, weka karatasi pembeni. Kikikujia cha kununua au cha kufanya, kiandike, urudi. Wazo likirudi mara tatu, huenda hilo ndilo la kuombea. Siku maneno yanapokauka, chukua Zaburi na uisome kama sala yako. Ziko 150, ukisoma moja kwa siku ni miezi mitano, na humo utakuta hasira na malalamiko ambayo pengine ungeogopa kuyasema mbele za Mungu kwa kinywa chako. Mzazi mwenye mtoto mchanga asijipime na mtu anayelala usiku mzima. Danieli aliomba mara tatu kwa siku kwa nyakati zake. Mzazi huyo anaweza kuambatanisha sala fupi na kazi anazozifanya kila siku, kunyonyesha, kufua, kungoja maji yachemke. Nusu dakika yenye moyo ndani inahesabika.

Sasa lile jambo moja. Wengi wanaosoma hapa wanalijua, na wamelijua kwa muda. Waebrania 5:14 inasema chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao zimezoezwa "kwa kutumiwa". Anayejua mengi na kutumia machache anabaki kwenye maziwa, hata kama ana miaka 20 kanisani. Mtu anaweza kuhudhuria kila semina ya kufunguliwa huku akikwepa kumlipa aliyemkopesha.

Chukua fedha, kwa sababu ndipo toba yetu inapokuwa na ukungu mwingi. Zakayo, Luka 19, alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyedhulumiwa. Hakusema "nitajirekebisha." Torati katika Hesabu 5 ilimtaka aliyekosa aungame, arudishe kamili, kisha aongeze sehemu ya tano. Kwa hiyo anayetaka kukua katika eneo hili achukue karatasi, aandike majina ya anaowadai na wanaomdai, kiasi, na tarehe. Wale anaodaiwa nao awatafute yeye kabla hawajamtafuta, awaambie ukweli wa alicho nacho, aanze na kiasi kidogo asichoweza kukikosa. Ahadi kubwa isiyotimia ni uongo wa pili juu ya deni la kwanza. Na kama alichukua mali ya kazini, hiyo nayo ina mwenyewe. Waefeso 4:28 haiishii kwenye "mwibaji asiibe tena". Inaendelea hadi afanye kazi, apate cha kumgawia mhitaji. Toba imekomaa pale mkono uliokuwa ukichukua unapotoa.

Au chukua ugomvi. Bwana alisema katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane. Sisi tumegeuza utaratibu: tunaomba msamaha kwa Mungu usiku, kwa machozi, kisha asubuhi tunampita ndugu yule mlangoni mwa kanisa. Kuomba radhi kuna ufundi wake. Taja ulichofanya kwa jina lake: "Nilisema uongo juu yako mbele ya kikundi." Taja kilivyomuumiza. Uliza unaweza kurekebisha nini. Usiseme "kama nilikukosea," maana hilo linamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Usiseme "lakini na wewe," maana hapo umefungua kesi upya. Kisha nyamaza. Hana deni la kukujibu siku hiyo hiyo. Niongeze hili, maana watu wameumizwa kwa mafundisho nusu: aliyepigwa au kunyanyaswa anaweza kusamehe na bado akakaa mbali na hatari. Msamaha haumlazimishi mtu kurudi chini ya ngumi.

Haya hayafanyiki vizuri peke yako. Yakobo 5:16 inataka tuungamane dhambi sisi kwa sisi, na mkusanyiko wa watu mia tano hauwezi kulibeba hilo. Wamethodisti wa kwanza walijifunza jambo hili kwa njia ya deni. Mwaka 1742, mjini Bristol, Uingereza, waligawanywa katika vikundi vya watu kama 12 ili kiongozi akusanye peni moja kwa kila mtu kila wiki, kulipia deni la jengo. Viongozi walipopita majumbani waligundua watu wanavyoishi kweli, na mchango ukageuka malezi. Kwa leo nadhani watu watatu wanatosha, wa jinsia moja, saa moja kila baada ya wiki mbili. Maswali yawe machache: Ulisoma nini na ukatii nini? Ulianguka wapi? Kuna mtu unayemkwepa? Kikundi kama hiki huvunjika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni siri kutoka nje, mara nyingi ikivaa joho la "tumwombee fulani." Ya pili ni mmoja kugeuka mchungaji wa wenzake, yeye akiuliza tu bila kuulizwa.

Juu ya kufunga nitasema kwa ufupi. Anza na mlo mmoja kwa wiki, kunywa maji, na muda wa mlo ule uutumie kwa sala, vinginevyo umechelewa kula tu. Isaya 58 inataka mkate wako umfikie mwenye njaa, kwa hiyo ulichookoa kiende kwa mtu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa, asifunge chakula bila ushauri wa daktari. Anaweza kufunga simu au maneno.

Ukavu mwingine hautoki kwenye njaa wala uasi. Mtu asiyelala wiki nzima, au aliyefiwa, au mwenye huzuni nzito iliyokaa wiki mbili na zaidi bila kupungua, amezidiwa. Huyo apelekwe kwa daktari na aombewe pia. Kumwambia aongeze mifungo ni kumpokonya Eliya mkate wake.

Kupima ukuaji, usitumie machozi. Tazama muda unaopita kati ya kukosa na kutubu. Kama ilikuwa wiki na sasa ni jioni ile ile, kuna kitu kimeota. Waulize wanaoishi nawe, maana tunda la Roho la Wagalatia 5, upole na kiasi na mengine yote, wao ndio wanaolionja.

Na ukikosa siku kumi? Usisome sura kumi kwa kikao kimoja ili ulipe. Hakuna anayekula milo ya wiki iliyopita. Fungua sura ya leo, isome kwa sauti, andika sentensi yako moja.