Nipeni chungu cha swichi ya kuzungusha

Jumanne nimemwaga makongoro. Mguu mzima wa ng'ombe, manyoya yameshababuliwa, vipande nimevisugua kwa ndimu mpaka vikang'aa. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, vyote ndani ya chungu changu kipya cha umeme, kile cha kupika polepole. Saa kumi na mbili asubuhi nikakiseti masaa tisa, nikaenda kazini moyo mweupe.

Jioni nafika mlangoni nanusa: hakuna kitu. Kwenye kioo cha chungu zinawaka sifuri tu. Maji vuguvugu, nyama imekaza kama soli ya kiatu. Kumbe umeme ulikatika saa mbili asubuhi, haukumaliza hata nusu saa ukarudi. Friji ikaendelea na kazi, redio ya jirani ikaendelea kupiga kelele. Chungu cha kisasa kikakaa kimya mchana kutwa, kinasubiri nije nikibembeleze kwa kidole. Na nyama iliyoshinda hivyo kwenye joto la Dar hairudishwi motoni, inamwagwa.

"Si ungeniachia mie na jiko langu la mkaa, mwanangu?" mama wa jirani akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Sasa nina hasira na vitufe. Muuzaji alinisifia: kina taimu, kina kioo, kina programu kumi na mbili. Kumi na mbili! Mimi napika makongoro na makande. Chungu cha swichi ya kuzungusha hakina akili hata kidogo, na ndiyo raha yake: umekiweka moto mdogo, umeme ukikatika kidogo na kurudi, swichi iko palepale, kinaendelea kuchemka. Supu itachelewa, lakini utaikuta. Ukienda dukani usiulize maswali mengi. Waambie wakichomeke, wakiwashe, wachomoe, wachomeke tena. Taa ikirudi yenyewe, toa hela. Kikikuonyesha sifuri, wasalimie watu wa dukani uondoke.

Najua wa preshakuka ya umeme mmeshaanza kucheka. Haya, nakubali: yenu inaivisha maharage ndani ya saa moja na inakula yuniti chache. Changu cha wati 200 kikiwaka masaa manane ni yuniti moja na nusu na ushei. Lakini niwekeeni pembeni supu zetu mbili zipoe, halafu mje mniambie ipi imeganda ikatikisika kama jeli. (Yenu nayo itaganda. Tusibishane.) Yangu nimeiacha, nimekwenda kazini, sijalinda chungu. Ndiyo hoja yangu yote.

Mengine ni madogo. Watu wanne au watano, lita tatu na nusu zinatosha. Cha lita sita kikiwa na vikombe viwili vya mchuzi kinaunguza kingo. Mfuniko uwe wa kioo, maana ukifunua kuchungulia umekipunguzia joto na muda unaanza kuongezeka. Cha dada yako wa Marekani ni cha volti 120, hapa tuna 230: usikiguse bila transfoma, moshi wake nimeshauona kwa macho.

Hili la maharage si dogo, nisomeni vizuri. Maharage mekundu yana sumu inayoondoka kwa kuchemka kwelikweli, na chungu hiki kwenye moto mdogo kinaweza kisifike huko. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe jikoni yatokote angalau dakika kumi, ndipo uyahamishie kwenye chungu na mahindi yako. Asiyetaka usumbufu huo ale makande ya mama ntilie.

Jana nimerudi Kariakoo. Nilichokitaka kilikuwa rafu ya chini, boksi limejaa vumbi, swichi moja tu mbele: zima, moto mdogo, moto mkubwa, tunza joto. Kijana wa duka akacheka.

"Dada, hicho cha kizamani hicho."

Nikamwambia anifungie.