Alaska, bastola inashika nafasi ya mtu wa pili

Kwetu Tanzania mwindaji mgeni haingii porini peke yake. Anafuatana na mwindaji bingwa mwenye bunduki nzito ya .458 au .470 (namba hizi ni kipimo cha unene wa risasi), msoma nyayo na askari wa wanyamapori. Nyati akigeuka, bunduki ya pili iko hatua chache tu nyuma. Bastola haina kazi pale, wala haikubaliwi kwa uwindaji. Alaska wawindaji ni wawili, pengine mmoja, na anayechuna ndiye anayebeba nyama. Hatari kubwa huja mnyama akishaanguka: mikono imo tumboni mwake, bunduki imeegemezwa mtini, na harufu imeshamfikia dubu wa kahawia. Hapo utahitaji silaha iliyofungwa mwilini.

Wenzetu wanaohamia huku Alaska wakifika dukani huvutiwa na bastola ya silinda ya .500 Smith & Wesson kwa sababu ndiyo kubwa. Nawasihi waiache. Yenye mtutu wa inchi 4 ina kilo 1.6 hivi ikiwa tupu, silinda yake inachukua risasi 5 tu, na teke lake humfanya mtu akwepe mazoezi. Asiyefanya mazoezi hatampata dubu anayemjia mbio. Ya .44 Magnum inatosha kabisa ikipewa risasi sahihi: kichwa cha risasi kiwe kigumu cha kusubu, pua bapa, greini 300 hivi, yaani gramu 19. Vichwa vyenye tundu puani hupanuka mapema na kuishia kwenye mafuta na misuli, ilhali kwa dubu unataka kichwa kivunje mfupa wa bega na kuendelea ndani.

Chagua ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4, uzito wa kilo 1.2 hadi 1.3. Zipo za aloi zenye gramu 700 hivi, nzuri sana kubeba kutwa nzima, lakini teke lake kali huvichomoa vichwa vya risasi ambazo bado hazijafyatuliwa. Kimoja kikitokeza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena. Kabla ya msimu, pima urefu wa risasi moja, ipange iwe ya mwisho, fyatua tano, kisha ipime tena. Ikiwa imerefuka, badilisha aina ya risasi au bastola yenyewe.

Zoea kuvuta kifyatulio moja kwa moja bila kuivuta nyundo nyuma kwanza, maana dubu hatakupa muda huo. Usikubali fundi akulegezee springi ya nyundo ili kifyatulio kiwe laini. Nyundo dhaifu hushindwa kulipua fataki, ile inayowasha baruti ndani ya risasi. Ukitoa maganda, elekeza mtutu juu, la sivyo chembe za baruti huingia chini ya nyota ya kutolea maganda na silinda hukataa kufunga. Ukifanyia mazoezi risasi za .44 Special, ambazo ganda lake ni fupi kuliko la Magnum, sugua matundu ya silinda kwa brashi baadaye, maana masizi yake huizuia Magnum kuingia. Mkoba wa bastola uwe wa kifuani: mkanda wa begi la nyama huziba kabisa ule wa kiunoni.

Hata hivyo naona utaratibu wa kwetu ni salama zaidi, na unaweza kuhamishiwa huku. Mmoja achune, mwenzake asimame na bunduki mkononi akitazama upepo unakoelekea, kwa kuwa dubu aliyevutwa na harufu hutokea upande huo. Beba na dawa ya kupulizia ya pilipili, ila mwambie mapema rubani wa ndege ndogo inayokupeleka porini. Ndege kubwa za abiria haziichukui hata kwenye mizigo.

Kuhusu sheria: mwenye viza ya muda, kama ya masomo, anakatazwa na sheria ya shirikisho la Marekani kumiliki silaha, isipokuwa awe na msamaha kama leseni halali ya uwindaji. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa. Usijaribu kuipitisha bastola Kanada kwa gari ukielekea Alaska. Na dubu akiuawa kwa kujihami si wako. Utamchuna, ngozi na kucha zake pamoja na fuvu uvikabidhi kwa jimbo, kama nyara za serikali kwetu. Aliyemvuta mwenyewe kwa kuacha nyama au takataka ovyo hana utetezi.