Kwa sisi wa Mbeya, tupimieni mlimani

Mwandishi wa makala ya magari ya umeme ameshindanisha mawili kwa kasi ya kuondoka, Tesla Model Y Performance (sekunde 3.7 kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa) na BYD Atto 3 (sekunde 7.3), akaishia hapo. Jamani, huku kwetu nani anashindania sifuri? Ukiwa Mlima Nyoka, kwenye barabara kuu huku Mbeya, nyuma ya semi-trela la Tunduma linalotambaa huku linatoa moshi, unachotaka ni kutoka 40 hadi 80 ukipata nafasi salama ya kuovateki. Hapo hata Atto 3 inanitosha kabisa, maana mota ya umeme inatoa nguvu papo hapo, haisubiri kushusha gia. Tena Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inapungukiwa hewa na nguvu inashuka. Mota ya umeme haihitaji hewa hiyo.

Ninachoogopa ni mvua. Atto 3 inavutwa na matairi ya mbele tu, na ukikanyaga mlimani uzito unarudi nyuma, yale ya mbele yanaanza kuteleza. Tesla hiyo ina mota mbele na nyuma. Mwandishi, tuwekee na muda wa kuovateki, tafadhali.