Mhadhiri mwenye haraka atafundishaje subira?

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja alinifuata hadi mlangoni mwa ofisi, karatasi ya mtihani mkononi. "Samahani mwalimu, naona umenizidishia alama sita. Ukurasa wa tatu umeujumlisha mara mbili." Nilikuwa nimeshachelewa kipindi, na mezani zilinisubiri karatasi nyingine mia na ushei. Nikamjibu, "Haya, kaa nazo tu," nikaenda zangu. Nilifika katikati ya ngazi ndipo nikaelewa nilichokifanya. Binti amekuja mwenyewe kurudisha kisicho chake, na mimi mwalimu wake nimemwonyesha kwamba uaminifu wake ni usumbufu.

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia wahadhiri wanahimizwa "kujenga tabia za wanafunzi", nauliza swali moja: muda watautoa wapi?

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja aliombwa aende jengo jingine akatoe hotuba fupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi. Njiani palikuwa na mtu aliyejiinamia kizingitini, anakohoa na kuguna. Katika wale wasio na haraka, asilimia 63 walitoa msaada. Katika wale walioambiwa kwamba wameshachelewa, ni asilimia 10 tu. Kuwa na habari za Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kutegemewa.

Jaribio hili hutajwa sana kuwahusu wanafunzi. Mimi najiona humo mwenyewe, pamoja na wenzangu wengi. Mhadhiri mwenye madarasa matano, rundo la kusahihisha na makala inayodaiwa na jarida hajakosa moyo wa kuwajali wanafunzi. Anapita mbio. Na mwanafunzi anamsoma: namna anavyopokea swali la kijinga, kama anakubali kwamba alikosea ubaoni, kama anarudisha kazi siku aliyoahidi. Hayo ndiyo masomo ya tabia anayoyatoa kila wiki, apende asipende.

Ndiyo maana semina ya siku moja hainitoshi. Vyuo vingi vikiguswa na suala hili hutoa waraka, huita mtaalamu, halafu huongeza somo jipya la maadili na kumbebesha mtu ambaye tayari amelemewa. Kisha inafika zamu ya kupandishwa cheo, na fomu inauliza idadi ya machapisho. Watu wazima wanajua kusoma fomu.

Wapo wanaosema tumechelewa, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi na chuoni anafika ameshakauka. Methali naiheshimu, ila hapa siikubali. Katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, wanafalsafa waliwagawa zaidi ya wanafunzi 1,300 makundi mawili: wengine walisoma na kujadili maadili ya kula nyama, wengine walijadili utoaji wa sadaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Stakabadhi za chakula zilionyesha kwamba kwa waliojadili nyama, manunuzi yenye nyama yalishuka kutoka asilimia 52 hadi 45, na wale wengine hawakubadilika. Si badiliko kubwa. Lakini limeonekana kwenye stakabadhi, mahali ambapo maneno matupu hayafiki, na limetokana na makala moja na mjadala mmoja wa darasani.

Halafu kuna hoja ya maadili ya nani yafundishwe. Ni hoja ya haki, ila hupungua uzito ukiingia ndani ya fani yenyewe. Mwanafunzi wa kemia anapata kipimo kinachoharibu mchoro wake mzuri. Akiandike au akifute? Wa historia anaandika juu ya mtu aliyekufa zamani ambaye anamchukia. Anampa nafasi ya kusikika? Wa uhandisi anagundua kosa katika hesabu ya nguzo baada ya kundi zima kusaini. Muuguzi mwanafunzi amekosea dozi na hakuna aliyemwona. Hapa hakuna haja ya mahubiri. Kinachotakiwa ni mhadhiri anayeijua fani yake, asimamishe somo kwa dakika kumi na aseme, "Tukae hapa kidogo." Aristotle alisema tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu, kama mpiga kinubi anavyokuwa mpiga kinubi kwa kukipiga. Maabara na wodi ni mahali pa kupigia kinubi hicho.

Basi msaada ninaoutaka kwa wahadhiri ni wa kawaida kabisa. Wapunguziwe darasa moja kwa muhula ule wanapoisuka kozi upya. Wapewe saa moja kila baada ya wiki mbili wakutane wanne au watano, mlango umefungwa, waambizane walipoteleza na mwanafunzi gani amewashinda. Hili la mwisho ndilo nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu ualimu wa chuo ni kazi ya upweke. Unaweza kufundisha miaka ishirini bila mwenzako kuketi darasani mwako hata mara moja. Na ile fomu ya cheo ibadilishwe.

Yule binti nilimtafuta wiki iliyofuata. Tulifungua karatasi pamoja, tukazitoa zile alama sita, nikamwomba radhi na kumshukuru. Hazikupita dakika kumi. Alipofika mlangoni akageuka: "Na wengine je, mwalimu? Huenda wapo uliowapunguzia."

Wapo. Niliwakuta watatu, baada ya kulipitia rundo lote upya kwa siku mbili za mapumziko. Kwenye taarifa yangu ya kazi ya mwaka ule sikuona mahali pa kuziandika siku hizo.