Mafia isihesabiwe kwa vichwa peke yake

Msimu wa bajeti ukikaribia, maneno ni yaleyale: Mafia, wilaya yetu ya visiwa mkoani Pwani, ina watu wachache mno, iunganishwe na Wilaya ya Kibiti ya bara tupunguze gharama. Sensa ya 2022 iliikuta na watu 66,180. Dar es Salaam kuna kata zinazozidi idadi hiyo, kwa hiyo anayesema hivyo si mwendawazimu. Kasoro yake ni kwamba hesabu anaifanya akiwa nchi kavu.

Chukua safari ya kikazi tu. Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yako Kibaha. Ofisa wa halmashauri akiitwa kikaoni anapanda chombo Kilindoni, makao makuu ya wilaya yetu, hadi Nyamisati, bandari iliyo kwenye delta ya Rufiji, ambako vyombo huingia na kutoka kwa kufuata maji. Yakitoka, mnakaa. Akishuka hapo yuko Wilaya ya Kibiti. Apite Mkuranga, aikate Dar es Salaam yote na foleni zake, ndipo aione Kibaha. Ndege ipo, nusu saa tu hadi Dar, ila nauli yake na kasma, yaani fungu la bajeti, ya safari ya halmashauri ni mbingu na ardhi. Kikao hicho hicho, mwenzake wa Kisarawe hatumii hata tone la maji ya chumvi.

Na hapo hatujaingia ndani ya wilaya yenyewe. Kuna visiwa vya Chole, Juani, Bwejuu, Jibondo, vyote vina wenyewe. Mtu wa Jibondo mwenye shida Kilindoni anavuka kwa mashua hadi Utende kwenye kisiwa kikubwa, kisha anatafuta bodaboda. Kisiwa hicho, maarufu kwa mafundi wa majahazi, kwa miaka mingi kilinunua hata maji ya kunywa kutoka kisiwa kikubwa, yakiletwa kwa vyombo.

Sasa tazama pesa zinavyogawanywa. Ruzuku ya shule inafuata idadi ya wanafunzi. Shule ya kisiwani yenye watoto wachache inapata kidogo, lakini saruji, madawati na chaki vinavuka bahari kwa nauli ileile. Uchache wenyewe ndio unaopandisha gharama kwa kila mtoto, na fomula inausoma kinyume.

Haki itendeke pia upande wa pili: bungeni tumependelewa. Mafia ni jimbo zima, na mbunge wetu ana kura moja sawa na yule wa Dar anayebeba mamia ya maelfu ya watu. Kwa hiyo tusilie kwamba hatuna wa kutusemea. Tumuulize anasema nini.

Halafu huo uchache nao unapungua. Mwaka 2012 tulikuwa 46,438. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, wakati nchi nzima haikufika 38. Anayepanga zahanati za kesho kwa kutumia mazoea ya jana atakuta foleni mlangoni.

Sidai tupewe sawa na Temeke. Nataka bahari iingizwe kwenye hesabu kama barabara zinavyoingizwa. Madiwani wetu wanaweza kuanza na jambo dogo mwaka huu: mafuta ya boti ya wagonjwa yawe na kasma yake, yasichanganywe na ya magari ya ofisi.