Moto, ukuta na sanduku la kikoba

Miaka kadhaa iliyopita kikoba chetu kilikaribia kuvunjika kwa maneno ya kwenye daladala. Mtu mmoja alisikia, au alidhani amesikia, kwamba mweka hazina anahama mji. Jumamosi sanduku likawekwa mezani, wenye funguo watatu wakafungua kufuli zao, na badala ya kuleta hisa watu wakaanza kudai. Ndani mlikuwa na laki tatu na ushee. Daftari lilisema hisa zetu zimepita milioni nane. Hakuna aliyeiba hata senti. Hela ilikuwa kwenye vitenge vya mama mmoja, kwenye vifaranga vya mwingine, na kwenye ada ya mtoto wa yule yule aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

Mweka hazina alilia mbele yetu.

Wakati huo nilijiona mtu aliyesoma habari za migogoro ya fedha. Nilikuwa nimemaliza vitabu vitatu vinene kuhusu mwaka 2008: jinsi mikopo ya nyumba Marekani ilivyofungashwa na kuuzwa kama mitumba ya robota, jinsi benki ya Lehman Brothers ilivyoanguka tarehe 15 Septemba ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 600. Vitabu vitamu kweli, na vina wabaya wao na mashujaa wao. Lakini pale kwenye kikao sikuwa na la kusema. Mbaya wetu alikuwa nani? Mwuza vitenge?

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa nianze na kitabu gani, nasema usianze na vile vilivyoandikwa baada ya moshi kutulia. Mwandishi anayejua mwisho huona dalili kila mahali, halafu anakuachia neno moja tu: tamaa. Tamaa ipo Jumatatu hadi Jumapili, miaka yote. Haielezi kwa nini watu wapange foleni Ijumaa hii na si Ijumaa iliyopita.

Kikoba chetu nilikikuta kwenye kitabu cha mwaka 1873. Walter Bagehot, mhariri wa gazeti la The Economist, aliandika Lombard Street akiwa bado anakumbuka Mei 1866, pale nyumba kubwa ya fedha ya Overend, Gurney ilipofunga milango London na jiji likashikwa na kiwewe. Hoja yake haina mapambo. Benki hukopa kwa watu wanaoweza kudai kesho na kukopesha kwa watu watakaolipa mwakani, kwa hiyo hata benki nzuri haiwezi kuwalipa wote kwa siku moja. Kiwewe kikiingia, benki kuu ikopeshe bila kusita kwa kila mwenye dhamana nzuri, ila kwa riba ya juu, ili asiyebanwa asije kuchota. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock walipojipanga barabarani Uingereza kutoa akiba zao, mambo yalienda karibu kama alivyoyaeleza miaka 134 kabla.

Na huyu Bagehot alikuwa mtu wa soko huria kweli kweli. Anakiri kwamba kama angeanza upya asingeujenga mfumo ambao akiba ya nchi nzima inalala kwenye benki moja. Angependa kila benki ijitunzie yake. Lakini mfumo ushajengwa, watu wamo ndani, basi ulindwe. Namheshimu mtu anayekubali kitu kisichompendeza kwa sababu kipo mbele ya macho yake.

Nikarudi nyuma zaidi, kwa Adam Smith mwenyewe, yule Mskoti anayeitwa baba wa uchumi. Hapa naomba niseme jambo linaloniudhi. Tangu enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, tunabishana vijiweni: huyu anasema soko huria ndiyo dawa, yule anasema limegeuka soko holela, na wote wanamtaja Smith bila kumfungua. Ule "mkono usioonekana" maarufu, yaani soko kujipanga lenyewe kila mtu akitafuta faida yake, umetajwa mara moja tu katika kitabu chake kizima cha 1776. Kurasa nyingi zaidi kazitumia kwenye mabenki, na alikuwa na sababu. Benki ya Ayr ilifunguliwa Uskoti mwaka 1769, ikakopesha kama maji, na Juni 1772 ikaanguka. Miongoni mwa wenye hisa alikuwamo mwanafunzi wake wa zamani na mfadhili wake, Duke wa Buccleuch.

Basi Smith anaandika kwamba kuzizuia benki, ambazo enzi hizo zilitoa noti zao zenyewe, zisitoe noti za thamani ndogo ni kweli kunaingilia uhuru wa mtu. Lakini, anasema, hata sheria ya kulazimisha ukuta wa kuzuia moto kati ya nyumba na nyumba inauingilia. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku, na waliolaza mtaji wao mle ndani waliamkia majivu. Sidhani kama kuna mwenye duka anayeuita ukuta wa zege ujamaa.

Wachumi wa upande huo huo wa soko huria, Milton Friedman na Anna Schwartz, walionyesha mwaka 1963 kwamba kati ya 1929 na 1933 fedha iliyokuwamo kwenye uchumi wa Marekani ilipungua kwa zaidi ya theluthi huku benki kuu ikitazama. Mwaka 2002, Friedman alipotimiza miaka 90, Ben Bernanke, aliyekuwa kwenye bodi ya benki kuu hiyo, alisimama mbele yake na kukiri kosa hilo kwa niaba ya benki kuu. Miaka sita baadaye kiti cha mwenyekiti kilikuwa chake, na siku moja baada ya Lehman kuanguka benki kuu ikaipa kampuni ya bima ya AIG mkopo wa dola bilioni 85. Alikuwa ameyasoma. Lawama yangu kwa wakubwa wale ni kwamba maji ya kuzimia moto yalimwagwa kwa wingi, ukuta ukaja kujadiliwa moto ushazimika.

Kwetu Tanzania, Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki ndogo tano kwa upungufu wa mtaji. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba bima ya amana, ile inayomlipa mteja benki ikifa, iliishia shilingi milioni moja na nusu kwa mteja. Mwenye zaidi alitakiwa kumsubiri mfilisi. Miaka yote hiyo nilikuwa na akaunti na sikuwahi kuuliza.

Kikoba chetu kilipona, kwa namna yake: kila mtu alichukua kidogo, na wenye mikopo wakapewa miezi miwili. Kikao kilichofuata nilikwenda na Bagehot wangu mfukoni, nikapendekeza robo ya hela isikopeshwe kamwe, ibaki sandukuni kwa ajili ya siku mbaya. Mweka hazina alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, kaka. Na riba ya hiyo robo iliyolala, kitabu kimesema ataitoa nani?"

Tulikubaliana sehemu moja ya kumi.